Mkwaruzo Mdogo Ugenini: Haki ya Mgeni, Wajibu wa Mwenyeji



Mmezoea kutusikia tukizungumzia mambo mazito: wizi wa mifugo, magendo, ajali zinazoua. Leo tumechagua jambo linaloonekana dogo. Tunazungumzia kioo cha pembeni kilichovunjwa na pikipiki, bampa lililobonyezwa na lori likirudi nyuma kwenye foleni, mlango uliokwaruzwa na mkokoteni siku ya gulio. Na hasa pale mwenye gari anapokuwa mtu anayeishi nje ya nchi yake. Huyo huenda ni Mkenya anayefundisha shule upande wa Tanzania, Mtanzania mwenye duka Taveta, Mzambia aliyepanga nyumba Tunduma, au Mnyarwanda anayefanya biashara Ngara.

Tumelichagua jambo hili kwa kuwa tunalijua mwisho wake. Uharibifu ambao fundi angeumaliza kwa nusu siku hugeuka ugomvi wa mataifa, kwa sababu watu husoma namba ya gari kabla ya kutazama palipoharibika. Umati hukusanyika, sauti hupanda, na mara hoja haiwi tena kioo, bali nani ametoka wapi. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunaouhofia ni ule unaoingia katika ujirani.

Tangu kufunguliwa kwa vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, kama kile cha Holili na Taveta mwaka 2016 na kile cha Namanga mwaka 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Magari ya nchi jirani yanaegeshwa sokoni kwetu, nasi twaegesha kwao. Aidha, tukumbuke kwamba majirani zetu hawaendeshi wote upande mmoja. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Dereva anayevuka Rusumo au Kabanga analazimika kubadili upande na kubadili mazoea yake yote kwa dakika chache. Si ajabu vioo vikagusana.

Ndugu zetu, lipo wazo lililoenea ambalo tungependa kulisahihisha mapema. Watu wengi wanaoishi ugenini huamini kwamba mgeni hana haki ya kudai, na kwamba akifika kituo cha polisi ataulizwa hati ya kusafiria kabla ya kuulizwa kilichompata. Hivyo hunyamaza, huondoka na gari lililoharibika, na hubaki na kinyongo. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humtaka kila dereva aliyehusika katika ajali asimame. Hazisemi asimame pale tu aliyegongwa anapokuwa raia. Aliyeharibu mali ya mwenzake anawajibika kwa tendo lake, awe mwenyeji au mgeni.

Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi, na ushahidi hupotea upesi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ndivyo yanavyopotea madai mengi ya mgeni. Kwa hiyo tunawaomba mzingatie hatua zifuatazo.

Kwanza, simameni na mhakikishe hakuna aliyeumia. Akiwapo majeruhi, hata mwenye maumivu madogo, jambo hilo si dogo tena: mpelekeni hospitali na mwite polisi. Upande wa Tanzania namba ya dharura ni 112, na majeruhi hupatiwa fomu ya polisi ya matibabu, PF3.

Pili, kama ni mali tu iliyoharibika, pigeni picha kabla magari hayajasogezwa: picha ya mbali inayoonyesha barabara na mahali, picha ya karibu inayoonyesha uharibifu, na picha ya namba za magari yote mawili. Kisha sogezeni magari pembeni ili msizuie njia.

Tatu, andikeni jina la mwenzenu, namba yake ya simu, namba ya chombo chake, kampuni ya bima na namba ya hati ya bima. Upande wa Tanzania, uhalali wa bima ya gari unaweza kuthibitishwa kwa mtandao kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa kutumia namba ya gari. Msiridhike na kutazama karatasi pekee. Chukueni pia majina ya watu wawili walioona. Mama muuza matunda na mlinzi wa duka ni mashahidi wazuri kuliko abiria aliyemo ndani ya gari lenu.

Nne, toeni taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, upande ule ule ajali ilikotokea. Msivuke mpaka kwanza mkidhani mtaripoti kwenu. Nchini Kenya, dereva aliyeshindwa kutoa maelezo yake papo hapo hupaswa kuripoti mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Asiyeelewa lugha ya maelezo anayotakiwa kutia saini aombe mkalimani. Asitie saini asichokielewa.

Hapa twapenda kueleza wazi mipaka ya kazi yetu. Polisi huandika taarifa, huchunguza, na hupeleka mahakamani mwenye kosa la barabarani. Polisi si fundi wa kukadiria bei ya bampa, wala si hakimu wa kuamuru fidia. Askari hana ruhusa ya kumwambia mgeni atoe chochote ili taarifa yake iandikwe. Malipo yoyote halali ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba na kupewa stakabadhi. Mkiombwa kinyume cha hapo, mwambieni mkuu wa kituo, au pigeni namba 113 ya TAKUKURU. Tunalisema hili sisi wenyewe, kwa kuwa askari mmoja anayedai chake huharibu kazi ya wengine wote.

Tuje sasa kwenye bima, maana ndipo penye utata. Bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu, haitengenezi gari la aliyeikata. Humkinga dhidi ya madai ya wengine. Hivyo, mgeni aliyegongwa na gari la mwenyeji anapaswa kuielekea bima ya yule aliyemgonga, akiwa na taarifa ya polisi mkononi, sawasawa na mwananchi mwingine yeyote. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kabla ya kuvuka, kwa sababu bima kubwa ya nyumbani huenda isimfuate ng'ambo ya mpaka mpaka aombe iongezwe.

Wengi pia huichukulia Kadi ya Njano ya COMESA kama dawa ya kila ugonjwa. Mpango huo ulianza kazi mwaka 1987, na Tanzania imebaki ndani yake hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo humkinga dereva aliye safarini dhidi ya madai ya watu aliowadhuru, kwa kufuata sheria ya nchi anayoitembelea. Haitengenezi gari lake mwenyewe. Faida yake kubwa ni kwa mwenyeji: gari la kigeni likikugonga, huna haja ya kulifuata hadi lilikotoka. Kila nchi mwanachama ina ofisi ya taifa ya mpango huo inayopokea madai ya wenyeji. Andika namba ya kadi, tarehe ya kuisha na nchi iliyotolewa, kisha madai yako yaanzie hapa hapa nyumbani.

Ndugu wananchi, tunajua kwamba mikwaruzo mingi haifiki kwenye bima. Wenye vyombo hupatana wenyewe, nasi hatuyapingi mapatano ya hiari. Kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake ni ya mkopo hana uwezo wa kulipa kioo kwa siku moja, lakini anaweza kulipa kwa wiki nne. Mapatano ya namna hiyo ni ya kiutu, na mara nyingi ndiyo yanayotekelezwa. Twaomba tu yaandikwe. Pateni makadirio ya mafundi wawili. Andikeni kiasi, tarehe za malipo, majina na saini za pande zote mbili, na za mashahidi. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwa shahidi.

Na andikeni sarafu kwa jina lake kamili. Hapa mpakani neno "shilingi" lina maana zaidi ya moja. Mtu akiahidi shilingi elfu tano bila kusema za nchi gani, mmoja huondoka akihesabu za Tanzania na mwenzake akihesabu za Kenya, na tofauti kati ya hesabu hizo ni zaidi ya mara kumi. Hakuna aliyedanganya, lakini wiki ijayo kila mmoja atamwita mwenzake mwongo. Malipo yakifanywa kwa simu, hifadhini ujumbe. Yakifanywa kwa fedha taslimu, andikianeni risiti.

Yapo pia mambo ambayo hatutayavumilia. Msimnyang'anye mtu ufunguo, leseni wala pikipiki kuwa dhamana. Anayefanya hivyo alikuwa mdai na sasa anaweza kuwa mshtakiwa. Umati usimzingire mgeni na kumpangia bei, wala usimzingire kijana wa bodaboda na kumpiga kwa ajili ya taa iliyovunjika. Na dereva aliyekosa asidhani kwamba kuvuka mpaka ni kuponyoka. Polisi wa nchi zetu hushirikiana kwa muda mrefu, ikiwemo kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioundwa mwaka 1998. Na namba ya chombo haibadiliki kwa kuvuka geti.

Kwa wale ambao magari yao yapo nchini kwa kibali cha muda, neno moja zaidi. Ikiwa gari limekwama gereji na kibali kinakaribia kuisha, nendeni forodha mkiwa na taarifa ya polisi kabla muda haujaisha, mkaeleze. Anayekwenda mapema huonekana mkweli. Anayekwenda baada ya muda kuisha ana kosa la pili la kujibu.

Na mkilikuta gari lenu limekwaruzwa nanyi hamkuwapo, msikate tamaa. Ulizeni walinzi na wafanyabiashara wa jirani, tazameni kama duka la karibu lina kamera, kisha ripotini. Nawe uliyeligonga gari lisilo na mtu, acha jina na namba yako ya simu kwenye kioo, au mwachie ujumbe mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo ndogo itakugharimu fedha kidogo, lakini itamfanya mgeni aseme kwao kwamba alikaa miongoni mwa watu waungwana.

Mwisho kabisa, patanisho likishindikana, mahakama zipo. Kenya ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, yakiwemo ya uharibifu wa mali, na shauri linatakiwa liamuliwe ndani ya siku 60. Upande wa Tanzania, mwenye madai aanze kwa makarani wa mahakama iliyo karibu, nao watamwelekeza mahakama yenye mamlaka. Aende na picha, taarifa ya polisi na makadirio ya fundi.

Ndugu zetu, mgeni anayeishi miongoni mwetu hapimi nchi yetu kwa hotuba za viongozi. Huipima siku kioo chake kinapovunjwa: nani alisimama, nani alikimbia, nani alikubali kuwa shahidi, na askari alimpokeaje. Watoto wetu, ndugu zetu na wake zetu nao ni wageni ng'ambo ya pili, wakipimwa na kupima vivyo hivyo. Tuwatendee waliopo kwetu kama tunavyotaka wetu watendewe kwao.

Milango ya vituo vyetu iko wazi usiku na mchana, kwa raia na kwa mgeni.