Sushi na Kupunguza Uzani: Jibu kwa Bi Harusi Wetu



Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazazi mlioketi kule nyuma. Juzi baada ya tarawehe binti mmoja aliniita kando. Harusi yake ni Mfungo Mosi, inshaAllah, na gauni limekataa kufunga. Akaniambia: "Dadangu, mimi daku nimeacha, sambusa sigusi. Nafuturu tende na maji, halafu nala sushi basi. Mbona mizani haishuki?" Nikamwahidi nitajibu hapa bila kumtaja.

Wengi wetu tukisikia sushi twafikiria samaki mbichi. Sivyo. Kinachoifanya sushi iwe sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi. Samaki mbichi peke yake, bila wali, ana jina lake: sashimi. Kwa hivyo ukiagiza sushi, kwanza umeagiza wali. Roli moja nene yaweza kubeba karibu kikombe kizima cha wali uliopikwa, yaani kama kalori 200, na hapo hujahesabu kilicho ndani. Mtu akikataa pilau ya mamake kisha akala roli tatu, huyo amekula wali tu, tena wa bei ghali!

Nikamwuliza, wewe waagiza ipi? Akasema ile ya kamba wa kukaanga, yenye mayonezi juu. Ahaa! Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, lakini gramu moja ya mafuta ina 9. Roli ya tango peke yake ni kama kalori 140. Hiyo yake yaweza kufika 500. Sambusa aliikimbia, na karai ya mafuta ikamfuata hadi hotelini.

Je, yafaa kwa anayepunguza uzani? Yafaa, mimi siipingi. Samaki ana protini, na protini hushibisha. Agiza nigiri, yaani tonge dogo la wali lenye kipande cha samaki juu. Moja huwa kama kalori 50. Sita zatosha, pamoja na supu na kachumbari. Za kukaanga na za mayonezi, ziache.

Soya sosi nayo, chovya kidogo. Kijiko kimoja kikubwa kina sodiamu kama miligramu 900, na Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asifike miligramu 2,000 kwa siku nzima. Ukila hivyo usiku, saa tisa alasiri kiu itakukumbusha.

Na ulizeni jikoni, msione haya. Wapishi wengine hutia mirin, divai tamu ya mchele yenye pombe. Siki haina neno.

Jambo moja naliomba sana: msinunue samaki sokoni mkaenda kujaribu mbichi nyumbani. Samaki wa baharini aweza kuwa na minyoo. Wanaojua kazi humgandisha kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sufuri kwa siku 7, na friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Mama mjamzito asile samaki mbichi kabisa. Kamba wa kuchemsha au jodari aliyeiva atafaa vilevile.

Lakini kilichonitia wasiwasi kwa binti yetu si sushi. Ni ile daku. Anashinda kutwa bila kitu, jioni njaa inamtawala, na hapo roli tatu haziwezi kumtosha. Juzi alipata kizunguzungu kwenye matatu. Nimemwambia arudi kwa daku: yai, maharagwe, tunda, maji ya kutosha. Akitaka sushi, mara moja kwa wiki, na mamake aende naye.

Gauni je? Fundi asema pande zote mbili zina inchi moja ya kuachia.

Wabillahi tawfiq.