Ardhi ya Kijiji, Sauti ya Kila Mkazi
Mpango wa matumizi ya ardhi ndio unaoamua msitu uishie wapi, ng'ombe wanyweshwe wapi, na kuni za bani la kukaushia tumbaku zitoke wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi.

Kikwazo cha wakazi kushiriki ni nini? Tangazo likibandikwa ofisini tu, mama aliye kisimani na ndoo yake halioni. Mkutano ukiitwa msimu wa palizi, mkulima yuko shambani. Wachache huamua, wengi hubeba hasara.

Ndugu msikilizaji, dai taarifa mapema, omba kuoneshwa ramani, hudhuria, uliza.