Utunzaji wa Mfumo wa Ujenzi wa Kiotomatiki kwa Vivinjari Maalumu: Mfano wa Kiwix na Mazingira ya Bujumbura

Kivinjari maalumu ni programu ya kusomea kurasa za wavuti inayoundwa kwa kuazima injini ya kivinjari kikubwa, yaani ile sehemu inayogeuza msimbo wa ukurasa kuwa maandishi na picha kwenye skrini, kisha kuipa kazi ambazo wenye injini hawakuzikusudia. Mijadala kuhusu programu za aina hii hujikita katika sura na huduma zake, ilhali kinachoamua kama zitadumu ni jambo ambalo mtumiaji halioni kabisa, nalo ni mfumo wa ujenzi wa kiotomatiki, maana yake mkusanyiko wa maelekezo na mashine zinazochukua msimbo chanzo na kutoa programu kamili kwa ajili ya Linux, Windows, macOS na Android bila ya mtu kurudia kila hatua kwa mkono. Hoja ya mada hii ni kwamba mzigo wa kuutunza mfumo huo hautokani sana na msimbo ambao timu imeuandika yenyewe, bali na vile ilivyoviazima, na kwa hiyo timu ndogo inapaswa kuamua mapema ni kitu gani haitakijenga.

Mfano unaochambuliwa hapa ni Kiwix, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2007 na Emmanuel Engelhart na Renaud Gaudin ili Wikipedia na kurasa nyingine ziweze kusomwa pasipo intaneti. Kiwix husoma faili za muundo wa ZIM, ambamo maelfu ya kurasa hubanwa ndani ya faili moja pamoja na faharasa ya kutafutia maneno, na kurasa hizo huonyeshwa kwa injini ileile ambayo ingezionyesha kutoka kwenye wavuti. Umuhimu wa programu za namna hii kwa Burundi si wa kubuni. Nchi hii haina pwani, na mawasiliano yake hufika kwenye nyaya za chini ya bahari kwa kupitia nchi jirani; aidha, mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières likishirikiana na UNHCR lilileta maktaba za kuhamishika ziitwazo Ideas Box katika kambi za wakimbizi kutoka Kongo, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza, zikiwa na maudhui yanayosomeka bila ya mtandao. Wengi wa wakimbizi hao huzungumza Kiswahili, kama wanavyokizungumza wakazi wa Buyenzi hapa Bujumbura.

Kiwix hujengwa kwa chombo kiitwacho kiwix-build, na utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Programu yenyewe inasimama juu ya maktaba nyingi, neno maktaba likimaanisha hapa kipande cha msimbo kilichoandikwa na wengine ili kitumiwe ndani ya programu mbalimbali: libzim ya kusomea faili za ZIM, Xapian ya kutafutia maneno, ICU inayoshughulikia herufi na kanuni za lugha za dunia, na nyinginezo za kubana data au kuhudumia kurasa. Chombo hicho hupakua msimbo wa kila maktaba, huhakiki alama yake ya utambulisho, yaani tarakimu ndefu inayokokotolewa kutokana na faili na ambayo hubadilika hata herufi moja ikibadilika, kisha hutia viraka pale inapobidi na kuzikompaili zote kwa mpangilio unaozingatia ipi inaitegemea ipi. Kukompaili ni kugeuza msimbo unaosomwa na binadamu kuwa maagizo ya mashine, na pale mashine ya aina moja inapotoa maagizo ya kutumiwa na mashine ya aina nyingine, kwa mfano kompyuta ya Linux inapotengeneza programu ya Android au ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kazi hiyo huitwa ukompaili mtambuka.

Ukompaili mtambuka ndiko matatizo yanakozaliwa. ICU, kwa mfano, hutengeneza majedwali yake ya lugha kwa kuendesha vijiprogramu vyake yenyewe wakati wa ujenzi, na kwa kuwa vijiprogramu vilivyokompailiwa kwa ajili ya Android haviwezi kufanya kazi kwenye mashine inayojenga, ni lazima maktaba hiyo ijengwe mara mbili, kwanza kwa ajili ya mashine inayojenga na baadaye kwa ajili ya mashine itakayoitumia. Jambo kama hili halionekani katika mpango wowote wa mradi, wala mfadhili halisikii, lakini ndilo linalokula muda wa fundi. Kila kiraka kinachotiwa kwenye maktaba ya watu wengine ni deni linalodaiwa upya kila toleo jipya la maktaba hiyo linapotoka, kwa sababu mistari ambayo kiraka kilikusudia kuirekebisha huenda imehamishwa au imefutwa.

Injini huleta deni kubwa zaidi. Kiwix ya mwanzo ya kompyuta za mezani ilijengwa juu ya XULRunner, yaani injini ya Firefox iliyotolewa na Mozilla kwa ajili ya programu nyingine, na Mozilla ilipoacha kuitoa mwaka 2015, programu zote zilizoitegemea zilibaki bila ya masahihisho ya usalama. Kiwix ilihamia Qt WebEngine, sehemu ya zana za kuundia programu ziitwazo Qt, ambayo ndani yake mna Chromium, msimbo huria ambao ndio msingi wa Chrome, na uhamisho huo ulibadilisha mfumo wa ujenzi pia. Maktaba za msingi ziliweza kukompailiwa kwa ajili ya Windows zikiwa kwenye Linux kwa kutumia MinGW, mkusanyiko wa zana huria zinazofanya kazi hiyo. Lakini Qt WebEngine haikubali MinGW, inataka kompaila ya Microsoft, na kwa hiyo toleo la mezani la Windows likahitaji mashine ya Windows katika mnyororo wa ujenzi. Uamuzi mmoja wa watu walio mbali ulitosha kuongeza mfumo mzima wa kutunzwa.

Mwaka 2021 Chromium ilianza kutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne, na maelekezo yake rasmi yanataka angalau gigabaiti 100 za nafasi kwenye diski kwa anayetaka kuijenga. Timu ya watu wawili au watatu inayojaribu kuijenga injini hiyo yenyewe hujikuta ikiifukuzia tu, bila ya kupata siku ya kushughulikia jambo lililowafanya waanze mradi. Zaidi ya hayo, mwendo wa injini huacha nyuma kompyuta ambazo bado zinatumika: Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023, na Qt ya kizazi cha 6 haiihudumii kamwe. Mwenye kutoa kivinjari kwa shule zinazotumia kompyuta za mitumba hana budi kuchagua kati ya injini ya zamani yenye matundu ya usalama na injini mpya isiyofunguka. Kwa programu isiyogusa intaneti, chaguo la kwanza linaweza kutetewa, kwa kuwa kurasa zinazosomwa zimo ndani ya faili inayojulikana ilikotoka; kwa kivinjari cha kawaida ni uzembe.

Mashine za kujengea nazo mara nyingi ni za kuazima. Miradi mingi huria, Kiwix ikiwemo, ilitumia huduma ya Travis CI, ambayo ilianzisha ujenzi kila msimbo ulipobadilishwa, na tovuti yake ya miradi huria ilipofungwa mwezi Juni 2021, maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ya huduma hiyo yalipoteza kazi kwa miradi iliyohamia huduma nyingine. Funzo lake ni kwamba maelekezo halisi ya ujenzi yawekwe ndani ya mradi, kama yalivyo ndani ya kiwix-build, na huduma ya nje iachiwe kuyaita tu. Kisha kuna sahihi ya kidijitali, uthibitisho kwamba programu imetoka kwa mwenyewe na haijachezewa njiani. Apple hudai dola 99 kila mwaka kwa uanachama unaowezesha sahihi hiyo, na tangu Juni 2023 ufunguo wa sahihi za Windows unaotolewa na mamlaka za vyeti lazima ukae ndani ya kifaa maalumu, sharti linaloikwaza mashine inayojenga usiku bila ya mtu. Katika nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, malipo hayo madogo ni kikwazo cha kweli.

Kwa Bujumbura, ambako umeme wa shirika la REGIDESO hukatika na kupakua upya gigabaiti kadhaa ni gharama, mambo mawili yanatangulia mengine. La kwanza ni kuhifadhi nakala ya msimbo wa kila maktaba kwenye seva iliyo hapahapa, pamoja na alama zake za utambulisho, ili ujenzi usisimame kwa sababu tovuti ya mbali imehama. Kiwix yenyewe huhifadhi nakala za namna hiyo. La pili ni kutumia kache ya kompaila kama ccache, inayokumbuka vipande vilivyokwisha kukompailiwa, ili umeme unaporudi kazi iendelee kutoka ilipokatikia.

Kilichobaki ni injini, na hapo mada hii inapendekeza iachwe: ichukuliwe ikiwa imekwisha kujengwa na Kiwix au na Qt, na nguvu za mafundi wa hapa zielekezwe kwenye faili za ZIM. Chombo cha zimwriterfs hugeuza folda ya kurasa za kawaida kuwa faili moja ya ZIM, hakihitaji kukompaili injini yoyote, na faili hiyo husomeka vilevile kwenye simu ya Android, kompyuta ya Windows au Raspberry Pi. Vitabu vya shule vya Kirundi na Kiswahili, ambavyo hakuna timu ya ng'ambo itakayovifungasha, vinaweza kuingizwa katika ujenzi wa kiotomatiki unaokwisha ndani ya dakika chache, kabla umeme haujakatika.