Maji ya Ndiva Yamekwenda Wapi?

Chukueni daftari na kalamu, maana leo tutapiga hesabu.

Ninyi wa Upareni hamhitaji kuambiwa ndiva ni nini. Wazee waliijenga kwa udongo na mawe juu ya mashamba. Usiku hukusanya maji ya mfereji, na asubuhi hufunguliwa ili watu wanyweshe kwa zamu. Mkulima wa Bangalala, wilayani Same, ajua kwamba mahindi yakiachiwa mvua peke yake huenda yakakauka kabla ya kubeba.

Basi, yaweza kutokea ndiva ikafungwa jioni na asubuhi isijae. Mwenye zamu hupata maji ya nusu shamba tu, na neno la kwanza kinywani mwake ni "mwizi". Niliwahi kuketi katika baraza moja la namna hiyo. Mzee mmoja alishtakiwa kwamba hufungulia maji usiku, na mimi pia niliamini. Baadaye ilionekana kwamba kaa alikuwa amechimba tundu chini ya ukuta. Lakini mbuzi wa faini alikuwa amekwisha kuliwa.

Kabla ya kwenda barazani, pimeni. Jioni, ndiva ikiwa na maji, zibeni mlango wa kuingilia na wa kutokea. Simamisheni kijiti majini, mkitie alama pale maji yalipofika. Mshtaki na mshtakiwa walale hapo wote wawili, asiwepo wa kusema mlango ulifunguliwa. Kando yake wekeni ndoo ya maji yenye alama, ionyeshe kiasi kinachochukuliwa na upepo. Asubuhi, maji ya ndiva yakiwa yameshuka kuliko ya ndoo, ndiva inavuja.

Sasa andikeni. Ndiva ina urefu wa meta 20 na upana wa meta 15, na kuta zake zimesimama wima. Maji yameshuka sentimeta 10, yaani sehemu ya kumi ya meta. 20 mara 15 ni 300. Sehemu ya kumi ya 300 ni 30. Meta 30 za ujazo ni lita 30,000, sawa na ndoo 1,500 za lita 20. Usiku mmoja!

Msikimbilie majembe. Acheni maji yaendelee kushuka. Yakisimama, kagueni ukuta wote kwa kimo hicho, maana tundu liko hapo. Yakiisha kabisa, tundu liko chini. Jazeni tena, kisha mimineni polepole udongo mwekundu uliokorogwa karibu na mahali mnapopashuku. Rangi ikivutwa upande mmoja, ifuateni. Wengine washuke bondeni kutafuta nyasi mbichi wakati wa kiangazi. Lakini wasidhani tundu liko juu yake moja kwa moja: maji hupita katika njia ya fuko au mzizi uliooza, yakatokea mbali.

Wenye mabomba, fungeni koki zote mtazame mita. Ikizunguka, bomba linavuja. Basi fungeni kipande kimoja kimoja mpaka mkipate chenye kasoro. Huko Ulaya nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji ya moto yazungukayo katika mabomba, mengine yamefichwa sakafuni. Fundi wa huko naye hufunga tawi moja moja, akitazama saa ya presha, kabla hajavunja sakafu ya mtu.

Tundu likionekana, piteni na mbiu ya msaragambo. Chimbeni mpaka penye udongo mgumu, mjaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo kidogo, mkishindilia kila tabaka. Udongo uliotupwa juu juu hutoka tena.

Hesabu ya nyumbani: ndiva ina urefu wa meta 12 na upana wa meta 10, na maji yameshuka sentimeta 5. Ni ndoo ngapi za lita 20 zilizopotea? Juma lijalo tutaanza na jibu lake. Kwaherini.