Moshi Ndani ya Chombo: Viungo, Maziwa na Afya katika Jiko la Hulugho



Nilipotakiwa kutoa kichwa cha mhadhara, niliandika “Mimea ya jikoni na faida zake kwa afya”. Kisha nikampigia simu shangazi yangu aliye Hulugho nikamsomea. Kwetu shangazi wa upande wa baba ni eddo, na yeye naye humwita mtoto wa ndugu yake kwa jina hilo hilo, kwa hiyo mazungumzo yetu siku zote ni ya eddo na eddo.

“Eddo,” akaniuliza, “mimea ipi ya jikoni? Bustani umeiona wapi hapa?”

Nikakifuta kile kichwa. Swali lake ndilo mhadhara wenyewe. Vitabu vya mimea ya jikoni vimeandikwa na watu wenye bustani, wanaoamka asubuhi wakachuma rehani, mnanaa au kotmiri mlangoni. Hulugho ni nchi ya vichaka na miiba, mpaka wa Somalia upande wa mashariki na msitu wa Boni upande wa kusini. Mvua ikichelewa hakuna jani la kuchuma. Hata hivyo ingieni jikoni kwa eddo, mtakuta harufu tatu zisizofanana: kopo la viungo vilivyosagwa, pande la manemane lililofungwa kwenye kitambaa, na chombo cha maziwa kinachonuka moshi. Cha kwanza kilikuja kwa jahazi na lori. Cha pili kilitoka mtini. Cha tatu ndicho nilichokiweka mezani hapa mbele yenu.

Tuanze na kopo. Mchanganyiko huo Wasomali huuita xawaash, na Wayemeni wana hawaij yao, neno lile lile la Kiarabu. Ndani mna bizari nyembamba, dania, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini na manjano, na kila nyumba ina kipimo chake kisichoandikwa. Sikilizeni majina. Heyl ni iliki, qaranful ni karafuu, sanjabiil ni tangawizi, xulbo ni uwatu, ambao Waarabu huuita hulba. Mpishi wa Hulugho na mpishi wa Lamu hawaelewani kwa lugha, lakini wakifungua makopo yao watapatana mara moja.

Biashara hii ni kongwe kuliko mipaka yote tunayolinda leo. Katika karne ya 1, baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alizitaja bandari za pwani ya Wasomali zilizouza ubani, manemane na magome ya jamii ya mdalasini. Ubani na manemane ni vya huko kweli. Mdalasini ni mti wa Asia, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa wafanyabiashara wa pwani ile waliupokea kutoka ng'ambo wakauuza kaskazini bila kusema ulikotoka. Mfanyabiashara hamwonyeshi mteja njia ya kwenda ghalani. Siku hizi mambo yamegeuka: sisi ndio tusiojua. Guatemala ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa iliki duniani, na huenda punje iliyopasuliwa leo katika chai ya Hulugho ilivuka bahari mbili.

Je, kopo hili lina dawa? Kwa tangawizi, ndiyo, na ushahidi wake ni mzuri: hupunguza kichefuchefu, hata cha mjamzito. Karafuu ina eujenoli, ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu, na mwenye jino bovu kijijini hakusubiri kuambiwa. Uwatu hupewa mama aliyejifungua katika zile siku 40 za kukaa ndani, kwenye uji, mchuzi au samli. Tafiti za uwatu na maziwa ya mama hazikubaliani. Zilizoonyesha kwamba unashusha sukari mwilini zina nguvu zaidi. Habasoda tunaijua kwa hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari, kuwa ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo. Maabara imetoa ndani yake kemikali iitwayo thaimokwinoni na bado inaichunguza. Muumini hana haja ya kuingoja maabara. Lakini muumini mwenye kisukari asiache vidonge vyake, maana aliyetuambia habari ya habasoda ndiye aliyetuamrisha kutafuta matibabu.

Niseme na lisilopendeza. Mdalasini mwingi ulio sokoni ni ule wa gome nene, kasia, na kasia ina kumarini, ambayo ikizidi hudhuru ini la baadhi ya watu. Kijiti kimoja katika birika la watu sita hakina neno. Kijiko cha unga kila asubuhi “kwa ajili ya sukari” ni jambo jingine. Manjano ya unga nayo yana historia mbaya. Huko Bangladesh watafiti waligundua kuwa wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha kwa rangi yenye risasi. Ndiyo maana eddo hununua manjano yakiwa vidole vikavu akatwanga mwenyewe. Hakuwahi kusikia habari za Bangladesh. Anasema tu kwamba unga wa mtu mwingine huwezi kuujua. Na ile chai yetu, shaah yenye iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi, ambayo kila mgeni husifiwa faida zake: viungo vyake havijamdhuru mtu, sukari yake ndiyo imetudhuru. Nimehesabu vijiko katika birika moja nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Sasa manemane. Ni utomvu wa miti ya jamii ya komifora, ile ya miiba na magome yanayobanduka mnayoiona mkisafiri kusini ya Garissa. Wasomali huiita malmal. Huloweshwa maji yakawa machungu kupindukia, mtu akasukutua vidonda vya kinywa au akanywa funda kwa ajili ya tumbo. Uwezo wake wa kupunguza vijidudu umeonekana maabara pia. Mjamzito hapewi, na wakunga wetu walilijua hilo bila cheti. Manemane si kiungo cha chakula, lakini hukaa rafu moja na kopo la viungo, na kwa eddo mpaka kati ya jikoni na dawa haujawahi kuwapo. Mswaki uko vivyo hivyo: mti ule ule ngamia huula majani, mtu akachukua kijiti kusafishia meno. Na asali ya Waaweer wa msitu wa Boni hufika kama chakula ikaondoka kama dawa ya kikohozi.

Hapa ndipo nilipotaka kufika: chombo. Hiki nilicho nacho ni cha kusukwa kwa nyuzi za mizizi, kilichokazwa hata maziwa hayapenyi. Huitwa dhiil, na kile kikubwa ni haan. Hakioshwi kwa sabuni. Mama huwasha kijiti cha mti aliouchagua, akakiacha kishike hadi kiwe kijinga, akakitumbukiza ndani, akafunika, akatikisa ili moshi na joto vifike kila pembe, akakung'uta majivu. Kazi hiyo ina jina lake, culay. Miti haichaguliwi ovyo. Kwa wafugaji wa Isiolo, kwa mfano, hutajwa mzeituni mwitu, mjunju na aina ya mgunga. Kila eneo lina orodha yake, na kila mama ana mti ambao hawezi kuuchoma hata akilipwa, kwa sababu huharibu ladha au huumiza tumbo.

Nilisomea sayansi ya chakula, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba shangazi yangu ni mwenzangu kazini. Kijinga hufanya kazi mbili kwa mpigo. Joto lake hukausha chombo, na kijidudu hakipendi pakavu. Moshi wake huacha ukutani fenoli na kemikali nyingine zinazozuia bakteria. Maziwa yanayomiminwa humo huchacha polepole, kwa mpango, chini ya bakteria wa asidi ya laktiki badala ya wale wanaoozesha. Matokeo ni susa, ambayo Wasomali huiandika suusac. Ya ngamia haigandi ikawa nzito kama mtindi wa ng'ombe, hubaki nyepesi na kali, na hukaa siku kadhaa katika joto ambalo lingeharibu maziwa mabichi kabla ya jua kuchwa. Wakalenjin nao hufanya jambo la jamaa hiyo kwa mursik, ila wao hupaka mkaa ndani ya kibuyu.

Kwa hiyo mkiniuliza kiungo cha Hulugho ni kipi, nitasema ni moshi. Una harufu na ladha, huchaguliwa kwa mti, hupimwa kwa mkono, na bila huo chakula si kile. Na faida yake kwa afya haiko katika kuponya. Iko katika kumfikishia mtoto maziwa yasiyooza wakati baba yuko mbali na mifugo. Tumezoea kuuliza mmea fulani “unatibu nini”. Mbugani swali la zamani lilikuwa “unahifadhi nini”, na nadhani ndilo bora.

Maziwa yenyewe yanastahili neno. Ya ngamia yana vitamini C takriban mara tatu ya yale ya ng'ombe. Kwa watu wasio na machungwa wala sukumawiki, hilo si jambo dogo. Wafugaji husema wakionja hujua ngamia amelishwa wapi. Akila mswaki maziwa huwa na chumvi. Eddo hulimaliza jambo hilo kwa maneno machache: ngamia ndiye bustani yake, inatembea tu.

Lakini sikuja hapa kusifu tu. Moshi una mipaka yake, na nchi hii ilijifunza kwa uchungu. Mvua za El Niño za 1997 zilileta homa ya Bonde la Ufa. Katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia walikadiriwa kuambukizwa watu 89,000. Mwishoni mwa 2006 ikarudi, ikaanza kuonekana hapa Garissa, Ijara ikawa miongoni mwa maeneo yaliyopigwa vibaya, na kabla haijaisha zaidi ya watu 150 walikufa nchini. Wengi waliipata kwa mbu na kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa, na maziwa mabichi nayo huhesabiwa miongoni mwa hatari. Homa ya brusela haingoji hata mafuriko. Ipo mwaka mzima, humlaza mtu kwa maumivu ya viungo akidhani ni malaria. Kijinga husafisha ukuta wa chombo. Kilichotoka tayari ndani ya kiwele hakikifikii. Na watafiti wa mursik wamepima humo asetaldehidi, kemikali wanayoihusisha na saratani ya umio. Hicho ni kinywaji kingine, lakini jirani akinyolewa, wewe tia maji.

Nilimwambia eddo achemshe. Tulibishana muda mrefu.

“Ukichemsha, eddo, umeyaua. Hayatachacha.”

Alikuwa sahihi, na hapo wengi wa wataalamu tunaokwenda vijijini na mabango hushindwa. Maziwa yaliyochemka hayana tena wale bakteria wema wa kuyachachisha. Yakiachwa huoza tu. Basi tukajaribu njia nyingine. Alichemsha, akaacha yapoe, akayamimina katika chombo kilichofukizwa, akatia kikombe kidogo cha susa ya jana. Nilimweleza kwamba susa ile ya jana, kama maziwa yake hayakuchemshwa, inarudisha tuliyoyakimbia. Kwa hiyo mbegu ya kwanza lazima itoke kwenye maziwa salama, au maabara. Nikamletea mbegu kutoka maabara. Siku ya pili ikawa susa. Alionja, akakunja uso, akasema ni kama chai isiyo na iliki. Wiki iliyofuata akaongeza muda wa moshi, akasema sasa inaelekea. Tangu hapo huchemsha, ila ya mume wake, mzee wa miaka 80 na zaidi, ambaye amekataa katakata.

Lililobaki linanikosesha usingizi kuliko vijidudu. Maziwa mengi yanayouzwa leo husafiri katika mitungi ya plastiki. Ni myepesi na haivunjiki kwenye lori, lakini shingo yake nyembamba haioshiki vizuri, na plastiki haivumilii kijinga. Wapo akina mama wanaoipitishia moshi kwa mbali, kwa hofu, ili isiyeyuke. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi tunayo, na sheria ya afya ya 2017 inautambua uganga wa jadi. Profesa Kokwaro aliandika mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, na vitabu vya miti ya Kenya vina majina ya Kisomali na ya Kiboni. Bado mwanafunzi wangu akitaka kujua ni mti gani Hulugho hutumia kufukizia chombo cha mtoto mchanga, na upi hutumia kwa cha wageni, hana budi kupanda gari akaulize. Wanaojua wanazeeka, na wasichana wao wanajua bei ya mtungi.

Basi. Chombo hiki kitapita kuanzia safu ya mbele. Kifungueni, kinuseni, kabla hamjaniuliza maswali. Msikitie maji, na asikishike mwenye manukato mkononi. Eddo anakitaka kabla ya Ijumaa.