Mpagazi Asiye na Sanamu

Leo napenda kuwaeleza habari za matembezi niliyofanya pamoja na vijana wanaojifunza ualimu, tulipotafuta kumbukumbu za vita vya 1914 hata 1918 katika mji wa Dar es Salaam.

Tuliondoka Gerezani asubuhi, tukapita Mnazi Mmoja, hata tukafika penye Sanamu ya Askari. Ni askari mmoja wa shaba, bunduki mikononi, singe yake imeelekea bandarini. Aliyeifanya ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, nayo ilifunuliwa mwaka 1927. Maneno yaliyoandikwa chini yake kwa Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, na ya Kiswahili yapo pia. Yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Kijana mmoja akazunguka sanamu mara mbili, akauliza, “Mwalimu, huyo mpagazi mwenyewe yuko wapi?”

Sikuwa na jibu. Kule Nairobi sanamu ni tatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa hayupo. Basi nikawageuza vijana, tukarudi Kariakoo.

Mimi hufundisha historia, nami naona haya kusema kwamba miaka mingi nimenunua nazi na mchele sokoni pale bila kulifikiri jina lile. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wa jeshi walipiga kambi mahali hapo. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps kwa Kiingereza. Vinywa vya watu vikalifanya Kariakoo.

Kwa nini walihitajiwa watu wengi hivyo? Barabara zilikuwa chache, na punda na farasi waliuawa na mbung’o. Hivyo chakula, risasi, na hata vipande vya mizinga vilichukuliwa vichwani, kila mtu mzigo wa ratili 50 hivi, porini na matopeni. Wengi walishikwa kwa nguvu vijijini mwao. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na tumbo la kuhara damu, homa na njaa. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi walizikwa pasipo alama. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu hao hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi.

Nilipokwisha kusema hayo, tumesimama kando ya njia huku wachukuzi wa mikokoteni wakitupigia kelele tuwapishe, yule kijana akasema kwamba kwao husimuliwa habari za babu wa babu yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi. Jina lake alirithishwa mjukuu, ndiyo maana halikupotea. Akafungua daftari lake, akaliandika chini ya mwaka 1916.