Pikipiki Nzito Katika Nafasi Finyu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, siku ya pili ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia nije kuzungumza, alitaraji nitaeleza habari za utumishi wa serikali. Nilimjibu kwamba watu waliokwisha kupanga foleni katika ofisi zetu hawastahili kuadhibiwa mara ya pili. Nikaomba ruhusa ya kuzungumzia pikipiki.

Jana jioni niliona pikipiki kubwa nne zimeegeshwa karibu na bwalo. Wenyewe ni watu wa rika langu, wenye vitambi kama changu, ambao sasa watoto wamekua na fedha kidogo imepatikana. Nilimtazama mmoja akijitahidi kugeuza ya kwake kwenye ule mteremko mfupi wa kwenda jikoni. Wanafunzi watatu walimkimbilia kumsaidia, wakasimama upande wa chini. Ndugu zangu, nilishikwa na hofu, na kabla sijamaliza nitawaeleza kwa nini.

Kwanza tujue tunachokishika. Pikipiki ya safari ndefu, yenye masanduku pembeni na kioo cha kukinga upepo, haipungui sana kilo 250, na ziko zinazozidi kilo 350. Njiani uzito huo huusikii, kwa sababu mwendo wenyewe huisimamisha. Taabu huanza mwendo unapokwisha: kwenye kituo cha mafuta, kwenye ua wa nyumba ya wageni, kwenye geti la nyumbani kwako. Watengenezaji wanalijua hilo. Kampuni ya Honda ilipotoa Gold Wing ya aina ya GL1500 mwaka 1988, iliiwekea namna ya kurudi nyuma kwa kutumia mota ya kuwashia injini. Lakini hata kifaa hicho husukuma tu. Pikipiki inayoinama hakiizuii.

Sasa tukumbuke somo la nyenzo tulilofundishwa: egemeo, mzigo na jitihada. Chukua pikipiki ya kilo 280. Ikisimama wima, kidole kimoja chatosha kuizuia. Tuseme uzito wake umekusanyika nusu mita kutoka ardhini, na wewe umeshika usukani kwenye mita moja. Ikiinama nyuzi 10, mkono wako utabeba kama kilo 24. Ikiinama nyuzi 30, utabeba kilo 70. Ndiyo kusema, muda wa kuiokoa ni mfupi sana, na uko mwanzoni. Tena, katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, pikipiki hiyohiyo inakuvuta kwenda chini kwa nguvu ya karibu kilo 28, hata ikiwa wima. Hesabu hizi hazijali cheo cha mtu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kuamua kabla ya kuingia. Usiingie mahali kabla hujajua utatokaje. Simama nje, shuka, tembea kwa miguu, utazame ardhi. Je, kuna kokoto? Inainamia upande gani? Ukiingiza tairi la mbele kwenye ukuta huku ardhi ikishuka kuelekea ukutani, kesho asubuhi utahitaji kijiji kizima kukutoa. Afadhali uegeshe ukiwa umeelekea juu, gia namba moja ikiwa imeingia, ili pikipiki isije ikatambaa peke yake na kuiacha stendi. Stendi ndogo iko kushoto. Ardhi ikishuka sana upande wa kushoto, pikipiki italala mno na kuinyanyua itakuwa kazi. Ikipanda sana kushoto, itasimama wima mno, na mtoto akiigusa itaangukia kulia.

Sheria ya pili ni ya kugeuza katika nafasi ndogo. Hapa wengi hufunga mafuta na kukamata breki ya mbele. Usukani ukiwa umekatwa, breki ya mbele huiangusha pikipiki papo hapo, kama mtu aliyepigwa mtama. Kaza injini kidogo kwa mafuta yasiyopandapanda, achia klachi nusu tu, mahali inapoanza kushika, na mguu wa kulia ukanyage breki ya nyuma kwa upole. Vitu hivyo vitatu vikifanya kazi pamoja, pikipiki hutembea polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, na bado haiyumbi. Iache ilale upande unaogeukia, lakini mwili wako ubaki wima, ukiegemea upande wa pili. Na macho yasitazame tairi wala shimo. Geuza shingo utazame unakotaka kwenda. Ukitazama mtaro, utaingia mtaroni.

Ukisimama kwenye mpando, mguu wa kushoto ndio ushuke chini, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma, ili mkono wa kulia uwe huru kwa mafuta wakati wa kuondoka. Ardhi ikiwa imeinamia ubavuni, teremsha mguu wa upande wa juu. Mguu wa upande wa chini utaitafuta ardhi usiione, na utakapoiona utakuwa umechelewa.

Ukiamua kuisukuma, simama kushoto kwake, nyonga yako iguse kiti, na iinamie kwako kidogo tu. Kama ni kuirudisha nyuma kwenye mteremko, zima injini, ingiza gia namba moja, na uitumie klachi kuwa breki: ukiibana, inatelemka, ukiiachia taratibu, tairi la nyuma linakamata. Faida yake ni kwamba huhitaji kugusa breki ya mbele. Tena baadhi ya pikipiki za mwanzo wa miaka ya 2000 zina breki zinazosaidiwa na umeme, na swichi ikizimwa nguvu ya breki hupungua sana. Ijue ya kwako kabla hujafika mteremkoni.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme lililonileta.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Wanaoijua barabara ile wanajua kona zake. Zile kona zote nilizipita salama, na nilikuwa nimejaa majivuno. Karibu na magharibi nikaingia kwenye ua wa nyumba ya wageni, pafinyu, pana kokoto, panashuka upande wa kulia. Sikushuka kutazama. Nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa wamekaa barazani wakinitazama, nami sikutaka waone mtu mzima akipima ua kwa miguu.

Kijana mmoja wa shule, mtoto wa jirani, akaja mbio. "Shikamoo mzee, nikusaidie?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia, "Njoo ushike hapa nyuma." Sikumwambia asimame upande gani. Nikakata usukani, nikahisi naenda mbio kidogo, mkono ukakamata breki ya mbele wenyewe. Mguu wangu wa kulia ukatafuta ardhi. Pikipiki ikaenda. Mimi niliruka. Yule kijana hakuruka, kwa sababu alikuwa ameambiwa na mtu mzima ashike, naye akashika.

Mguu wake ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Mtihani wake wa kidato cha nne aliufanya akiwa na plasta. Gharama za matibabu nilizilipa, na mara tatu nilirudi kuwaona wazazi wake, ambao walinipokea kwa heshima kuliko nilivyostahili. Leo anatembea vizuri, na masomo anaendelea nayo. Lakini mimi nimekuwa nikijiuliza mara nyingi: kama ningepoteza dakika mbili za kutembea ule ua, nani barazani angenicheka, na angenicheka kwa muda gani?

Ndiyo sababu sheria yangu ya mwisho nimeiweka peke yake. Ikiisha kuvuka pale unapoweza kuizuia, iache ianguke. Kioo hununuliwa, sanduku hununuliwa, mguu haununuliwi. Na anayekusaidia asisimame kamwe upande wa chini. Mweleze kwanza, kwa sauti, mbele ya wote: "Simama upande wa juu. Nikisema acha, acha." Kijana wa Kiafrika hamwachii mkubwa wake mzigo, kwa hiyo ruhusa hiyo ni lazima umpe wewe mwenyewe mapema.

Na ikiisha kuanguka, usiinyanyue kwa hasira. Zima injini. Pumzika. Ingiza gia ili isitambae. Kama imelalia kulia, fungua stendi ndogo kwanza, maana ikisimama ikapita upande wa pili utaanza upya. Kata usukani, uipe mgongo, chuchumaa, makalio yakiegemea ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye chuma imara cha nyuma. Kisha rudi kinyumenyume kwa hatua ndogondogo. Miguu ndiyo inayonyanyua. Kiuno chako kiache kwa ajili ya uzee.

Walimu wetu walitufundisha kuuliza tusipojua. Tulipopata vyeo, wengi wetu tuliliacha somo hilo. Pikipiki nzito hulifundisha upya, na ada yake ni kubwa. Kesho asubuhi, wenye zile pikipiki nne, nitakuwa karibu na bwalo kabla ya chai. Tutautembea ule mteremko pamoja, kwa miguu, na wanafunzi watutazame wakiwa upande wa juu.